Kanuni Yangu, Mbwa wa Shangazi

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama katika ua wa zizi la manispaa, bahasha ya pesa mfukoni, na nyuma yangu sauti ya mwanamume ikisema, "Huyo mbwa ni wangu."

Nyinyi mkakunja gazeti, mkaenda zenu kufungia sabuni. Mimi nimebaki pale pale, shingo imekakamaa, bila kugeuka.

Sasa nageuka.

Alikuwa mwenye bucha wa mtaa wetu. Aproni kiunoni, kalamu sikioni, uso wa mtu anayejua bei ya kila kitu. Kila mwisho wa mwezi mimi hununua nusu kilo kwake, naye hunijazia mifupa, kwa kuwa anaamini mtu aliyemaliza chuo kikuu hawezi kutofautisha.

"Samahani, kaka," nikamwambia. "Huyu ni mbwa wa Shangazi yangu."

"Basi Shangazi yako ana bahati. Mbwa wake anakuja kwangu kila asubuhi kabla sijafungua hata mlango."

Kwa wale wanaoanza kusoma leo, habari ni fupi na ina aibu. Shangazi yangu ni fundi cherehani. Alikwenda hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho, akaniachia nyumba, ufunguo na mbwa aitwaye Kiporo. Siku hiyo hiyo nikatoka kwenda kazini huku nikijisomea hotuba niliyotaka kumtolea bosi, nikaacha geti wazi. Kiporo akatoka. Watu wa manispaa wakamkamata barabarani, wakamfungia. Leo ndiyo siku yake ya mwisho zizini, na leo ndiyo siku Shangazi anarudi nyumbani.

Mnajua pia, maana nilijisifu sura nzima, kwamba mimi ni kijana wa mkataba katika makao makuu ya manispaa, na kwamba kanuni mpya ya mbwa wanaozurura niliiandika mimi. Faini niliipanga mimi. Ada za zizi nilizipanga mimi. Nilifikiri faini kubwa itawafundisha watu kuwapenda mbwa wao.

Msimamizi wa zizi hakujua hilo. Alikuwa mzee mwembamba mwenye buti za mpira, mkononi fimbo ndefu yenye kitanzi.

"Mbwa mmoja, watu wawili," akasema. "Tutafanya utambuzi."

Moyo wangu ukatulia. Utambuzi ndicho kifungu nilichokipenda kuliko vyote. Nilikiandika nikiwafikiria watu maskini, wasio na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba mbwa ni wao. Nikasema karatasi hudanganya, moyo wa mbwa haudanganyi. Wanaomdai wasimame kwenye mstari, wasishike chakula, kila mmoja aite mara moja tu. Mbwa atakayemwendea, huyo ndiye mwenyewe. Siku niliyomaliza kukiandika nilikwenda chooni nikalia kidogo.

"Kanuni ya kijinga kama hii sijapata kuona," msimamizi akasema, akichora mstari ardhini kwa kisigino cha buti. "Kaiandika kijana mmoja wa makao makuu. Msomi. Mtu hajapata kushika hata mkia."

Nikakohoa. "Labda alikuwa na nia njema, mzee."

"Nia njema haizuii kung'atwa."

"Mimi sina wasiwasi," mwenye bucha akasema. "Mteja ananijua."

"Nani?"

"Mteja. Ndilo jina lake."

"Jina lake ni Kiporo."

"Kwangu mimi hali kiporo, bwana mdogo."

Msimamizi akaenda kumtoa. Kiporo akaja akiburuta miguu, rangi yake ya karanga imejaa vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala kama kawaida yake. Aliponiona mkia ulianza kwenda. Aliponiona, nasema. Mashahidi wapo.

"Onyesheni mikono," msimamizi akasema.

Nikaonyesha. Mwenye bucha akaonyesha. Alikuwa ameinawa bombani kwa sabuni, mpaka viwiko, kama daktari. Mikono yake ilikuwa safi kuliko yangu.

"Aanze kijana."

Nilisimama wima. Nilijaza kifua. Nikaita kwa upole wote niliojaliwa, "Kiporo."

Akaja. Ndugu zangu, alikuwa anakuja. Mkia juu, ulimi nje, anakuja moja kwa moja kwangu, na mimi nimeshaanza kuinama na machozi yamenilengalenga, na ndani ya kichwa changu naona jinsi nitakavyolisimulia jambo hili mbele ya wageni rasmi.

Ndipo upepo ukapita.

Ulipita kwa mwenye bucha kwanza, ukaichukua harufu ya aproni yake, ukaipeleka puani mwa mbwa. Aproni ile ilikuwa imefanya kazi tangu alfajiri. Kanuni inasema mikono. Haisemi aproni.

Kiporo akasimama. Akageuka.

"Mteja," mwenye bucha akasema, na hata hakuwa na haja ya kusema.

Mbwa akaenda akaizika pua yake yote katika ile aproni, akafumba macho.

Nimesoma miaka mingi. Niliandika tasnifu kuhusu haki za wanyonge. Nimeshindwa na aproni.

"Mzee, hii si haki," nikasema. "Nguo yake inanuka nyama."

"Kanuni inasema mikono."

"Lakini maana ya kanuni ni kwamba—"

"Maana haikuletwa hapa zizini, kijana. Imeletwa kanuni." Akamgeukia mwenye bucha. "Hongera. Mbwa ni wako. Sasa tuongee malipo."

"Malipo gani tena?"

"Faini ya kuzurura. Ada ya kukamatwa. Ada ya kulala, kila usiku na yake. Chakula. Maji. Ada ya kamba."

"Kamba ipi?"

"Iliyomfunga."

"Basi nitaondoka na kamba."

"Kamba ni ya manispaa. Wewe unalipia kutumiwa kwake. Halafu kuna ada ya utambuzi."

"Huu wa sasa hivi? Wa kusimama hapo kwenye vumbi?"

"Huo huo."

Msimamizi akamtajia jumla. Mwenye bucha akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Kwa hela hiyo napata mbuzi," akasema polepole. "Na mbuzi nikishampata, ninamuuza."

"Mimi nimekutajia tu. Bei wamepanga wenyewe huko juu."

"Basi huyu mbwa mimi simjui."

Kiporo wakati huo alikuwa amejilaza juu ya mguu wake.

"Unamkana?"

"Namkana. Sijawahi kumwona. Wewe, nitolee pua yako hapa."

Nilikaribia kuruka kwa furaha. Nikaitoa bahasha. "Mzee, tatizo limekwisha. Nitalipa mimi. Nipe mbwa."

"Wewe ulishindwa."

"Ndiyo, lakini yeye amemkana."

"Aliyeshindwa utambuzi harudii. Wamesema ni kuzuia matapeli."

Kifungu hicho nakijua. Nilikiandika siku ya mvua, nimekasirika kidogo kwa sababu mtu alikuwa amechukua mwavuli wangu.

"Na mbwa aliyekwisha kuchagua hachagui tena," msimamizi akaendelea. "Hata aje mama yake mzazi hapa. Mwenyewe kamkana, kwa hiyo hana mwenyewe. Leo ni siku yake ya mwisho. Gari la daktari wa mifugo likifika, atapumzishwa."

Atapumzishwa. Neno hilo nalo ni langu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na neno la wazi zaidi, nikaliona ni la kikatili, nikalibadilisha. Nilijisikia mtu mwenye huruma siku nzima. Halikunipitia kichwani kwamba kuna siku nitalisikia likisemwa juu ya mbwa anayenisubiri kila jioni getini.

Nikaamua kutoa silaha ya mwisho.

"Mzee," nikasema, "huyo kijana wa makao makuu. Aliyeandika."

"Amefanyaje?"

"Ni mimi."

Msimamizi akaniangalia viatu, suruali, shati, mpaka miwani. Akaegemeza fimbo yake ukutani. Akajifuta kiganja kwenye suruali, akanipa mkono.

"Karibu," akasema. "Nimekungoja sana."

"Asante, mzee. Nilikuwa nafikiri, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika, labda naweza kueleza nilichokusudia—"

"Ile ya kuwasafisha mbwa masikio kwa maji ya uvuguvugu. Hayo maji ya uvuguvugu mlinipa na kitu cha kuyapashia?"

"Hapana."

"Nachemsha kwenye birika langu la chai. Kila asubuhi. Chai yangu sasa ina ladha ya mbwa."

"Kwa hiyo unawasafisha?"

"Si umeandika?"

Sikujua nimkumbatie au nimwombe radhi. Nikabaki na mkono wake mkononi mwangu.

"Basi mzee, unaona. Wewe ni mtu wa huruma. Mara hii moja tu, tuiweke kanuni pembeni."

"Nikiiweka pembeni kwa ajili yako, yule mama wa jana aliyelia hapo ulipo nimwambie nini? Na wa juzi?" Akaichukua fimbo yake. "Wewe utafurahi. Si kila mwandishi anapata bahati ya kuona alichoandika kikifanya kazi."

Hapo simu yangu ikaita. Shangazi.

Simu yangu ina ugonjwa. Spika ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo kila anayenipigia huongea na mtaa mzima.

"Mwanangu, wameniruhusu. Nimeshavaa, niko hapa nje nangoja teksi. Uko wapi?"

"Nyumbani, Shangazi."

Mbwa wote wa zizi wakabweka kwa pamoja, kana kwamba wameombwa maoni.

"Mbona mbwa wengi hivyo?"

"Ni televisheni."

"Televisheni ya nani? Sisi hatuna."

Msimamizi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Ya jirani, Shangazi. Wamefungulia sauti kubwa."

Huyu ni mwanamke anayesikia uzi ukikatika akiwa chumba cha pili.

"Baba," akasema, na Shangazi akiniita baba ujue nimekwisha. "Walichonitoa ni mtoto wa jicho. Masikio hawakuyagusa."

Nikasema yote. Niliyasema hapo hapo katikati ya ua, mbele ya mwenye bucha, mbele ya mbwa wasionijua. "Nimempoteza mbwa wako, Shangazi. Niliacha geti wazi. Yuko zizini, na nimeshindwa kumtoa. Najua ndiye mwenzako tangu ubaki peke yako. Nisamehe."

"Mbwa wangu?"

"Kiporo."

"Kiporo ni mbwa wangu tangu lini?"

Nilidhani ni dawa za hospitali. "Shangazi, Kiporo. Wa nyumbani. Mwenye sikio moja—"

"Kiporo namjua, usinifanye mgonjwa wa akili. Nakuuliza amekuwa wangu tangu lini. Si mbwa wako?"

"Wangu? Mimi nilimkuta kwako."

"Ulimkuta wapi? Ulikuja naye. Umeshuka na sanduku lako, mbwa yuko nyuma yako, mkaingia getini pamoja. Nikasema moyoni, mtoto wa kaka yangu amemaliza chuo, hana kazi, hana senti, kitu alichonacho duniani ni mbwa. Nimnyime na mbwa?"

"Mimi nilidhani ametoka kunipokea."

"Kukupokea wewe nani?"

Mwenye bucha alianza kucheka, akajizuia, akaanza tena.

"Kwa hiyo wakati wote huu," nikasema, "mimi ninamwosha kila wiki ili usinione sina shukrani..."

"Na mimi ninampikia ili usione nakubagua na mbwa wako. Mbwa nawaogopa tangu utotoni. Miezi ya kwanza nilikuwa namsukumia sahani kwa ufagio, wewe ukiwa umelala."

"Na jina si ulimpa wewe?"

"Sikumpa jina. Nilikuwa natangaza kilichomo kwenye sahani. Wewe ndiye ukaanza kumwita hivyo, nikasema haya, wasomi wana majina yao."

Miaka miwili. Watu wawili waungwana, nyumba moja, kila mmoja akimfugia mwenzake mbwa asiye wa mtu. Viroboto nimewakuna kwa heshima. Mbwa amekula kwa heshima. Na asubuhi, kumbe, geti likifunguliwa tu, alikuwa akienda kwa mwenye bucha kutafuta mtu anayemlisha kwa sababu anataka.

Msimamizi akasogea karibu na simu. "Mama, pole na hospitali. Mimi ni msimamizi wa zizi. Sasa huyu mbwa ni wa nani?"

"Ahsante, baba. Unaniuliza ni wa nani?" Nyuma ya Shangazi tulisikia magari yakipita. "Wakati ule hakuwa wangu. Lakini hizi siku nimelala na bandeji usoni, wamelifunga mpaka jicho zima, sioni mchana wala usiku, na mkono wangu ukawa unashuka wenyewe chini ya kitanda kutafuta kichwa chake. Naambulia sakafu. Nikawa najiambia, mama wee, mbwa wa watu, nimemzoea namna hii? Kwa hiyo andika ni wangu. Mwanangu, nikifika nimkute."

Simu ikakatika.

Mwenye bucha alikunja kona ya aproni, akapenga kamasi.

Nje honi ikalia. Msimamizi akachungulia kwenye tundu la geti.

"Gari la daktari," akasema, bila kuniangalia.

Nikapiga magoti nikamshika Kiporo shingoni. Akanilamba miwani. Nilitaka kusema kitu kizito, kitu cha kukumbukwa, na kilichotoka ni, "Mzee, mimi naweza kuingia bandani nikalala badala yake?"

"Huna chanjo," msimamizi akasema.

"Ngojeni," mwenye bucha akasema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Mzee, lile neno la kumkana nililisema kwa hasira ya bei. Umeshaliandika?"

"Bado. Mlikuwa mnaongea na mgonjwa."

"Basi nalifuta. Mimi ndiye niliyetambuliwa, siyo? Naweka sahihi mimi, analipa huyu bwana mdogo, mbwa anatoka. Nani kaumia?"

Msimamizi akafikiri, akakuna kidevu kwa ncha ya fimbo. "Kanuni inataka mwenye mbwa atambuliwe na ada zilipwe. Haisemi hela itoke mfuko gani."

Niliinuka nikamshika mwenye bucha mkono kwa mikono yangu yote miwili. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayehutubia mahafali, kwamba watu kama yeye ndio wanaonifanya niendelee kuamini.

"Kuamini nini?"

"Watu."

"Haya," akasema, akiutoa mkono wake taratibu.

Bahasha ile ilikuwa na pesa za miwani ya Shangazi. Daktari alisema jicho likipona atahitaji miwani ili aweze kutunga uzi kwenye sindano, na mimi nilikuwa nimeweka akiba tangu mshahara wangu wa kwanza ili nimshangaze. Nilijiambia miwani inaweza kusubiri, mbwa hawezi. Nikamkabidhi msimamizi yote. Ilitosha. Nilikuwa nimepanga ada zangu vizuri sana, zilikula mpaka ya mwisho.

Risiti akaiandika kwa jina la mwenye bucha. Kabla ya kumpa kalamu aweke sahihi, msimamizi akanigeukia.

"Kijana. Umesoma vizuri unachofanya?"

"Nimekiandika mwenyewe, mzee."

Akatikisa kichwa. Mwenye bucha akaweka sahihi, kubwa, yenye mkia. Akatoa kamba yake mwenyewe chini ya aproni. Hilo nililiona, nikaliona ni jambo la kawaida kabisa mtu kwenda zizini na kamba.

Gari la daktari likaondoka tupu. Tukatoka nje, mimi, mwenye bucha na Kiporo, jua la mchana likituangaza kama watu walioshinda. Nikanyoosha mkono.

"Nakushukuru, kaka. Nipe kamba."

"Kamba ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaizungusha kamba mkononi mara moja zaidi.

"Kanuni yako inasemaje, bwana mdogo? Mbwa akishamtambua mtu?"

"Anakuwa wake."

"Wake nani?"

"Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana nani aweke sahihi na nani alipe. Nimeweka. Umelipa. Nimekudhulumu wapi?"

"Ulimsikia Shangazi. Ulilia."

"Nililia. Bado naweza kulia." Na kweli macho yake yalikuwa mekundu, na hilo ndilo lililonivunja nguvu, maana nilikuwa nimejiandaa kupambana na mtu mbaya. "Sasa nisikilize na mimi. Bucha langu limevunjwa mara mbili. Mara ya pili walichukua mpaka mizani. Sasa nalala mle mle, juu ya kaunta, peke yangu, kila kishindo nasema ndio hao. Shangazi yako ana wewe nyumbani. Mimi nina nani?"

Niliwahi kuandika kurasa themanini kuhusu namna ya kumjibu mtu aliye katika hali hiyo. Sikukumbuka hata mstari mmoja.

"Njoo umwone," akasema. "Mlango uko wazi. Na nyama nitakukatia bila mifupa, kwa ajili ya undugu."

Akaondoka. Kiporo akanitazama, akamtazama yeye, sikio lake lililolala likainuka kidogo. Nilidhani atagoma. Mwenye bucha akavuta kamba kidogo, aproni ikapepea, na mbwa niliyemlipia kila kitu kuanzia kitanda mpaka kamba akaanza kutembea kando yake, mkia juu, kama mtu anayekwenda kazini.

Nyuma yangu msimamizi alikuwa akifunga geti. "Risiti yake aliisahau mezani," akasema kupitia tundu. "Nikupe umpelekee?"

Sikuwahi kumjibu, kwa sababu teksi ilisimama mbele yangu na kioo cha nyuma kikashuka.

Shangazi. Jicho moja chini ya bandeji, jingine likiniangalia kwa kazi ya mawili.

"Nilimwambia dereva anipitishe hapa kwanza," akasema. "Yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole. Mbali kule, mwisho wa barabara, aproni ilikuwa inavuka kuelekea upande wa pili, na kando yake kitu cha rangi ya karanga. Nikaeleza kwa pumzi moja, utambuzi, upepo, sahihi, bahasha.

"Bahasha ipi?"

"Ya miwani yako. Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza."

Akalifumba lile jicho zima. Dereva, kwa adabu, akaangalia dirisha la upande wake. Mimi nilingoja kilio. Nilingoja hata kofi, ningelipokea kwa shukrani.

Shangazi akafumbua jicho, akamgusa dereva bega. "Baba, mfuate yule mwenye aproni. Taratibu, asituone." Kisha akanisogelea dirishani. "Wewe ingia. Hiyo kanuni unaikumbuka?"

"Yote, Shangazi. Kwa moyo."

"Utanisomea njiani, kifungu kwa kifungu, usiruke hata kimoja. Mtu aliyeacha nafasi ya kupitisha mwenye bucha mzima, lazima ameacha na nyingine ya kumpitisha mwanamke mmoja mwenye jicho moja."

Nikaingia, nikafunga mlango, nikaanza na kifungu cha kwanza. Na tangu waniajiri, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba Mungu niwe nimeifanya kazi yangu vibaya.